Gari la tabo lisiwe gari la tabu

Mama yangu mzazi, ambaye umri umempunguzia usikivu lakini haujampunguzia ulimi, aliambiwa mwaka jana kwamba mjukuu wake amenunua gari la tabo. Aliweka bakuli la uji chini, akamtazama kijana, akamwuliza: "Kwani magari yasiyo na tabu yalikuwa yamekwisha sokoni?" Tulicheka sote siku ile. Mimi mwenyewe, kwa kuwa isimu ndiyo kazi inayonilisha, niliichukua kauli hiyo hadi darasani kuwa mfano wa maneno mawili yanayotofautishwa na irabu moja tu. Miezi michache baadaye niliiona irabu hiyo ikiponyoka mbele ya macho yangu, na sikucheka tena.

Kijana huyo ni mpwa wangu, mwalimu wa hisabati katika shule moja ya upili. Aliweka akiba kwa miaka, akajinunulia Subaru iliyokuwa imetumika Japani kabla ya kuletwa kwetu kupitia bandari ya Mombasa. Haukupita muda akataka kubadilisha ekzosi yake. Alitaka ile pana, inayong'aa, inayonguruma. Nilipomwuliza kwa nini, alinijibu kwa heshima zote: "Mjomba, hili gari halipumui. Ukiliwekea ekzosi kubwa, litapumua."

Sikumlaumu, wala simlaumu hata leo. Nchi hii imelelewa na mngurumo. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi wakulima, wachungaji na watoto wa shule wamesimama kando ya barabara za vumbi kuyangoja magari hayo. Mwaka 1984 Björn Waldegård alishinda akiendesha Toyota Celica yenye tabo. Mwaka 1997, mimi nikiwa ningali kijana, Colin McRae alishinda kwa Subaru Impreza ya buluu. Safari iliondolewa katika ratiba ya mashindano ya dunia baada ya mwaka 2002, ikarejeshwa mwaka 2021 kule Naivasha, na vijana waliozaliwa katika kipindi hicho cha kimya wakayasikia kwa masikio yao yale ambayo baba zao walikuwa wakiwasimulia. Mtu akiyasikia hayo, si ajabu akitamani kuwa na kipande chake cha mngurumo nyumbani.

Hata hivyo, tabo ni nini? Ni vyema tuielewe kabla ya kuihukumu. Injini ya petroli huvuta hewa, huichanganya na mafuta, huuchoma mchanganyiko huo na kuutoa moshi. Moshi huo hutoka ukiwa na joto kali na nguvu nyingi, na katika gari la kawaida nguvu hiyo hupotea bure. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, ndiye aliyepata hataza mwaka 1905 kwa wazo la kuutumikisha moshi huo kabla haujaenda zake. Moshi husukuma gurudumu dogo lenye mapanga mfano wa feni. Gurudumu hilo limeunganishwa kwa mhimili mmoja na feni ya pili, ambayo huivuta hewa safi na kuishindilia ndani ya injini. Hewa ikizidi, mafuta yanaweza kuzidishwa pia, na injini ndogo ikafanya kazi ya injini kubwa. Mapanga hayo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Magari ya abiria yenye kifaa hiki yalianza kuuzwa Marekani mwaka 1962. Kwa ufupi, tabo ni bahili wa ajabu: haiachi hata moshi utoke bila ya kuulipisha kodi.

Sasa tuje kwenye ekzosi. Moshi ukishapita kwenye tabo huingia katika bomba la kwanza, hupitia katalitiki, kisha hufuata bomba refu lililo chini ya gari mpaka kwenye silensa, na mwisho hutoka nje. Katalitiki ni kopo la chuma lenye kauri iliyotobolewa matundu mengi mfano wa sega la nyuki, iliyopakwa madini ghali kama platini, paladi na rodi. Kazi yake ni kuzigeuza gesi za sumu ziwe gesi zisizodhuru sana. Silensa nayo kazi yake imo ndani ya jina lake. Kila kimojawapo cha vifaa hivi humzuia moshi kidogo. Katika gari lenye tabo, kadiri njia iliyo nyuma ya tabo inavyokuwa nyeupe, ndivyo moshi unavyolisukuma gurudumu kwa wepesi zaidi, na gari huitikia mapema dereva anapokanyaga mafuta. Kwa hivyo mpwa wangu hakuwa amekosea. Gari la tabo kweli hupumua vizuri zaidi likiwekewa bomba pana.

Kosa lilizaliwa mahali pengine, nalo lilizaliwa ndani ya lugha. Katika gereji nyingi utasikia fundi akisema kwamba injini "inahitaji presha ya nyuma", na fundi wa jirani yake akisema "presha ya nyuma ni adui". Wote wawili husema kwa uhakika ule ule, na wote wawili hawasemi juu ya kitu kimoja. Katika injini isiyo na tabo, bomba likiwa pana kupita kiasi moshi hupoteza kasi, na ile kasi ndiyo iliyokuwa ikisaidia kuvuta moshi uliosalia ndani ya silinda. Kinachohitajika pale ni kasi, wala si kizuizi. Katika injini yenye tabo, kizuizi kilicho mbele ya gurudumu na uwazi ulio nyuma yake ni mambo mawili yenye athari tofauti. Neno moja la mkopo, presha, limebebeshwa mizigo mitatu, nalo likaanguka nayo njiani. Mtu anaposema jambo lisilopambanuliwa kwa maneno, ni vigumu kwa mikono yake kulipambanua kwa spana.

Mpwa wangu aliipeleka gari yake kwenye gereji moja ambayo sitaitaja. Alikuwa amenunua ekzosi iliyotumika, yenye upana wa inchi tatu, pamoja na karatasi ya maelekezo iliyoandikwa kwa Kijapani, na upande wa pili kwa Kiingereza kilichofupishwa mno. Hakuna aliyeisoma. Walitazama michoro. Katalitiki ilitolewa kwa madai kwamba "inaziba gari pumzi", nayo haikuonekana tena. Mwenye gari hakujua kwamba kopo lile lina thamani yake sokoni kwa sababu ya madini yaliyomo. Gasketi ya zamani, iliyokwisha kubanwa na kuchomwa kwa miaka, ilirudishwa mahali pake. Skrubu moja kati ya zile zinazoshikilia bomba kwenye tabo ilikatika kwa kutu, na badala ya kuitoa na kuweka nyingine, waliikaza sana iliyobaki jirani yake. Gari liliwashwa, likanguruma. Kijana alilipa kwa furaha.

Mtu akisikia mngurumo huo wa Subaru adhani ni nguvu tupu. La. Silinda zake nne zimelala mbilimbili, kila upande zikielekeana, na katika injini za miaka mingi mabomba yaliyochukua moshi kutoka pande hizo mbili hayakuwa na urefu sawa. Mapigo ya moshi yalifika kwenye njia kuu bila mpangilio ulio sawa, ndipo ule mdundo wa kukatika-katika ukapatikana. Yaani, sauti tunayoihusudu imetokana na mabomba yasiyolingana! Silensa ikishatolewa au kupanuliwa, mdundo huo hukua. Lakini ukubwa wa sauti si kipimo cha nguvu, kama vile kelele za mwanafunzi si kipimo cha alichokisoma.

Wiki mbili baadaye kijana alimchukua mkewe na mtoto wao wa miaka mitano wakafunga safari ya kutoka Nairobi kwenda Nakuru. Kabla hawajafika kwenye mteremko wa Bonde la Ufa, mtoto alianza kulalamika kichwa kinamwuma. Walidhani ni njaa. Wakasimama pale watu wanapolitazama bonde, wakanunua mahindi ya kuchoma, mtoto akachangamka na kucheza. Wakaondoka. Kabla ya Gilgil mtoto alikuwa ametapika na kulala usingizi mzito, na mama yake akawa anasikia kizunguzungu. Dirisha la dereva peke yake ndilo lililokuwa wazi kidogo, maana baba alitaka kuusikia mngurumo wake.

Kilichowaokoa ni swali la tabibu mmoja, ambaye nitamwombea dua siku zote. Aliuliza: "Je, mkiteremka garini mnapata nafuu?" Wakakumbuka mahindi ya kuchoma. Tabibu akawaambia waliache gari hapo hapo. Ilikuwa gesi ya monoksidi ya kaboni. Gesi hii haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na damu kwa nguvu inayoipita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hata damu ikawa inazunguka mwilini mikono mitupu. Katika gari la aina ile tabo iko nyuma ya injini, karibu na mahali ambapo hewa ya kuburudisha abiria huingilia. Gasketi iliyochakaa ilikuwa ikivuja papo hapo, na katalitiki ambayo ingeipunguza sumu hiyo ilikuwa imekwisha kuuzwa. Mtoto alipona. Nimeandika sentensi hiyo fupi kwa vidole vinavyotetemeka.

Nilimsindikiza mpwa wangu kwa fundi wa pili, mzee mmoja anayefanya kazi chini ya mabati karibu na Barabara ya Kirinyaga, ambayo wenyeji wa Nairobi wangali wanaiita Grogan. Mzee yule hakupapia kazi. Kwanza aliuliza maswali matatu: "Gari ni la kazi gani? Nani hupanda? Na kompyuta yake imepangwa upya au bado?" Kijana akaduwaa juu ya swali la tatu. Mzee akamweleza kwa Kiswahili ambacho ningetamani kukisikia katika kumbi zetu za mihadhara:

"Mwalimu, ukilifungulia gari njia ya nyuma, tabo hukimbia zaidi ya ilivyozoea. Kuna kilango kidogo cha kupitishia moshi wa ziada ili isikimbie kupita kiasi. Kilango kikishindwa, hewa inaingia nyingi, na kompyuta haijaambiwa iongeze petroli. Moto unakuwa mkavu. Moto mkavu hutoboa pistoni. Sasa wewe umenunua pumzi, hukununua chakula."

Kisha akaanza kazi. Aliliacha gari lipoe kabisa, kwa kuwa mabomba hayo huweza kufikia joto la mamia ya nyuzi. Aliliinua kwa jeki, lakini hakuingia chini yake mpaka alipoliegemeza kwenye vyuma imara. Alimwagia nati mafuta ya kulainisha kutu akaziacha zinywe. Alikitoa kwanza kile kipimo cha oksijeni kilichochomekwa kwenye bomba, ili waya wake usikatike. Akaitoa skrubu iliyovunjika, akaweka mpya. Gasketi zote zilikuwa mpya. Viungo vyote alivikaza kwa mkono tu kwanza, akatazama kama bomba limekaa sawa juu ya raba zake na haligusi chochote, ndipo akakaza kwa spana, kidogo kidogo, upande huu na upande ule, kama mtu anayefunga mzigo juu ya punda. Akaweka katalitiki nyingine na silensa iliyo kamili. Mwisho alipaka maji ya sabuni kwenye viungo, akaliwasha gari lingali baridi huku kijana akiliziba tundu la nyuma kidogo kwa kitambaa kinene, wakatafuta mapovu. Hayakuwapo. "Rudi baada ya kilomita mia chache," akasema, "chuma kikipata moto na kupoa mara nyingi hulegea." Alimwelekeza pia kwa mtaalamu wa kuipanga upya kompyuta ya injini, na akamkataza kulikimbiza gari kabla ya hapo.

Wasomaji wangu, hasa ninyi walimu wenzangu, nawaomba mtafakari nami. Mzee yule alifundisha fizikia na kemia kwa saa tatu, na hakukuwa na mwanafunzi aliyesinzia. Alieleza joto na kutanuka kwa metali. Alieleza uwiano wa hewa na mafuta. Alieleza tofauti ya kanieneo pande mbili za gurudumu, ijapokuwa neno hilo hakulitumia. Na mpwa wangu, aliyehitimu chuo kikuu, aliniambia tukirudi: "Mjomba, haya yote niliyasoma kidato cha tatu. Sikujua kwamba ndiyo haya."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. "Sikujua kwamba ndiyo haya." Shuleni kijana alijifunza istilahi kwa Kiingereza, akazitumia kupasi mtihani, akaziacha mlangoni. Gerejini fundi ana ujuzi, lakini maelekezo yanayokuja na vipuri yamefungwa katika lugha asiyoimudu. Kati yao pana shimo, na siku ile mtoto wa miaka mitano alikaribia kutumbukia humo.

Watu watasema Kiswahili hakina maneno. Hayo ni maneno ya asiyepita gerejini. Lugha hii ilichukua parafujo na bomba kutoka kwa Wareno karne nyingi zilizopita na haikuomba radhi. Ilichukua jina la Kiingereza la kikinga matope, ikaliona lina *ma-* mwanzoni, ikasema "madigadi", na kimoja kikawa "digadi". Iliokota amri ya kuwataka madereva washike kushoto kwenye mizunguko ya barabara, ikapata "kipilefti", na ikakiundia wingi, "vipilefti", bila ya kamati yoyote. Lugha yenye tumbo kama hilo haishindwi na ekzosi.

Na pale inapotaka kuunda, huunda kwa akili. Litazameni neno kanieneo, linalotumika katika vitabu vya sayansi vya wenzetu wa Tanzania. Limeunganishwa kutokana na *kani*, yaani nguvu inayosukuma au kuvuta, na *eneo*. Mwanafunzi akilisikia tu ameshapewa kanuni: kani igawanywe kwa eneo. Je, ni neno gani la kigeni linalomfanyia mtoto hisani hiyo? Wenzetu hao, kupitia taasisi yao ya uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Nasi tuna Katiba ya mwaka 2010, ambayo kifungu chake cha saba kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini mwanafunzi wa ufundi angali anafundishwa na kutahiniwa kwa lugha moja, kisha anakwenda kufanya kazi kwa nyingine.

Sisemi Kiingereza kifukuzwe. Anayesema hivyo hataki vijana wetu wasome maandishi ya ulimwengu. Wala simtaki mzee wa Grogan aache kusema "presha" na kuanza kusema "kanieneo" ili apendeze masikio ya wahadhiri. Ninachotaka ni daraja. Vyuo vya ufundi viwaalike wazee kama yule wafundishe kwa lugha yao, na wanaisimu tuketi kando kwa unyenyekevu tukiyaandika wanayoyasema. Waagizaji wa vipuri waambatishe karatasi moja ya maonyo kwa Kiswahili: badilisha gasketi, usitoe katalitiki, pima uvujaji. Mwalimu wa fizikia awapeleke wanafunzi gerejini mara moja kwa muhula, awaulize: "Lile tulilolisoma juzi, hapa liko wapi?"

Nanyi vijana mnaopenda mngurumo, nina neno nanyi pia. Barabara ni ya watu wote na usiku ni wa watu wote. Mwaka 1999 ulikwisha kutupa sheria ya mazingira, na kanuni za kudhibiti kelele zikatoka rasmi mwaka 2009. Lakini kabla ya kanuni palikuwa na utu. Saa nane za usiku, katika mtaa wenye mgonjwa, mtoto mchanga na mtahiniwa anayejiandaa kwa asubuhi, gari lisilo na silensa halitangazi nguvu ya injini. Hutangaza udogo wa mwenye gari. Sauti ikiongezeka kwa desibeli 10 tu, sikio huiona kama imekuwa maradufu. Gari linaweza kuwa na pumzi nzuri na silensa nzuri pia. Mzee alituthibitishia hilo.

Mpwa wangu angali na Subaru yake. Hunguruma kidogo, kwa adabu, kama mtu mzima anayekohoa kabla ya kuingia nyumbani. Juzi alimpeleka nyanyake hospitali kwa gari hilo, madirisha yamefungwa, na bibi alisinzia njia nzima kwa usalama. Walipofika akafumbua macho, akauliza: "Hili ndilo lile gari la tabu?"

"Ndilo, Nyanya," kijana akajibu. "Lakini sasa ni la tabo."

Bibi akasema hasikii tofauti. Kijana akamwambia kwamba yeye sasa anaisikia.